Intaneti haifanyi kazi? Amri tano za kompyuta zinazokuonyesha tatizo liko wapi

Intaneti inapokatika katika chumba cha kompyuta cha jamii, kazi nyingi husimama kwa wakati mmoja. Mwanafunzi hawezi kutuma zoezi lake la chuo, mwenye duka hasomi ujumbe wa mteja wake, na anayeomba ufadhili wa masomo anaona siku ya mwisho inakaribia huku ukurasa haufunguki. Mara nyingi kinachofuata ni kutumia pesa: mtu ananunua bando jingine, au anampelekea fundi kompyuta ambayo haina ubaya wowote.

Kabla ya kulipa, jibu kwanza swali moja: mawasiliano yamekatikia wapi? Yanaweza kukatika ndani ya kompyuta yako, kati yako na ruta, kwa kampuni inayotoa intaneti, au kwenye tovuti yenyewe. Kila mahali pana mtu wake wa kumwendea. Ukijua mahali, hutalipia dawa ya ugonjwa usio wako.

Makala hii inaeleza amri tano ambazo tayari zimo ndani ya kompyuta yako. Ni za bure na hazihitaji programu ya ziada. Imeandikwa kwa wakimbizi na wenyeji wanaotumia au kusimamia kompyuta za pamoja katika makazi kama Nakivale, Kyangwali na Rwamwanja nchini Uganda, au Kakuma na Kalobeyei nchini Kenya. Huhitaji kuwa fundi.

Kabla ya kuandika amri yoyote

Anza na mambo yanayoonekana kwa macho:

- Muulize jirani yako kama intaneti yake inafanya kazi. Kama ni kompyuta yako peke yake iliyokatika, tatizo liko kwako. Kama ni chumba kizima, usihangaike na kompyuta yako.
- Angalia taa za ruta. Kama hazijawaka, angalia umeme. Umeme wa sola ukipungua jioni, ruta inaweza kujizima na kujiwasha tena mara nyingi bila mtu kugundua.
- Angalia kama kebo zimeingia vizuri, na kama Wi-Fi ya kompyuta imewashwa.
- Angalia kama bando bado lipo.

Kama yote haya ni sawa, fungua dirisha la amri.

Jinsi ya kufungua dirisha la amri

Kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R. Katika kisanduku kinachofunguka andika `cmd`, kisha bonyeza Enter. Dirisha jeusi litatokea. Hapo ndipo unapoandika amri, moja baada ya nyingine, na kubonyeza Enter kila mara. Kwenye Linux ya Ubuntu, bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja.

Usiogope dirisha hili. Amri tano zilizo hapa chini, zikiandikwa kama tulivyoonyesha, zinauliza tu na kusoma majibu. Hazifuti faili zako.

Baadhi ya kompyuta zinazotumika makazini zina Windows ya Kifaransa. Kwa hiyo tumeweka maneno ya skrini katika Kiingereza na Kifaransa, kama utakavyoyaona.

Amri ya 1: ipconfig — je, kompyuta yako ina anwani?

Kila kompyuta iliyo kwenye mtandao inahitaji namba ya kutambulika, inayoitwa anwani ya IP. Kwa kawaida ruta ndiyo inayogawa anwani hizo. Andika:

`ipconfig`

Tafuta mistari miwili. Wa kwanza ni "IPv4 Address" au "Adresse IPv4": hiyo ni anwani yako. Wa pili ni "Default Gateway" au "Passerelle par défaut": hiyo ni anwani ya ruta, yaani lango ambalo data yako yote hupitia. Iandike namba ya lango kwenye karatasi, utaihitaji.

Maana ya unachokiona:

- Anwani inaanza na 192.168 au 10: kwa kawaida ruta imekupa anwani vizuri. Nenda kwenye amri ya 2.
- Anwani inaanza na 169.254: kompyuta imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Kwa anwani hiyo huwezi kufika kwenye intaneti. Tatizo liko kati yako na ruta.
- Unaona "Media disconnected" au "Média déconnecté": kebo imechomoka, au hujaunganishwa na Wi-Fi.

Ukikuta 169.254, andika `ipconfig /release`, kisha `ipconfig /renew`. Hapo kompyuta inaacha anwani yake na kuomba nyingine. Ikikuambia kwamba huna ruhusa, mwombe msimamizi wa chumba aiandike. Kama bado haikubali, zima ruta, subiri nusu dakika, kisha iwashe.

Kwenye Linux, andika `ip addr` kuona anwani yako, na `ip route` kuona lango. Lango ni namba inayofuata maneno "default via".

Amri ya 2: ping kwenda kwenye ruta — je, njia ya karibu iko wazi?

Amri ya `ping` hutuma pakiti ndogo ya data na kusubiri irudi. Ni kama kubisha hodi na kusubiri kuitikiwa. Iliandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwezi Desemba 1983, na hadi leo inafanya kazi hata kwenye kompyuta za zamani.

Andika ping, acha nafasi, kisha namba ya lango uliyoiandika. Kwa mfano:

`ping 192.168.1.1`

Windows hutuma pakiti 4 na kusimama. Linux haisimami yenyewe, kwa hiyo andika `ping -c 4 192.168.1.1`, au bonyeza Ctrl na C kuisimamisha. Pakiti hizi 4 hazifikishi hata KB 1, hivyo hazitamaliza bando lako.

- Unaona "Reply from" au "Réponse de" mara 4, na muda chini ya milisekunde 10: njia hadi kwenye ruta ni nzuri.
- Baadhi zinarudi na nyingine zinapotea, au muda unaruka kutoka 3 hadi 400: Wi-Fi ni dhaifu au imejaa watu. Sogea karibu na ruta, au tumia kebo, kisha jaribu tena. Kuta za udongo mnene na mabati hupunguza sana nguvu ya Wi-Fi.
- Unaona "Request timed out" au "Délai d'attente de la demande dépassé" mara zote 4: pakiti zako hazirudi kutoka kwenye ruta.

Kuwa makini na ujumbe "Destination host unreachable", au "Impossible de joindre l'hôte de destination". Windows huuhesabu ujumbe huu kama jibu. Hivyo chini kabisa inaweza kuandika kwamba hakuna pakiti iliyopotea, wakati hakuna hata moja iliyofika. Soma kila mstari, usisome hesabu ya mwisho peke yake.

Kama unatumia simu kugawa intaneti kwa kompyuta, simu hiyo ndiyo ruta yako. Hatua ni zilezile.

Amri ya 3: ping kwenda nje — je, intaneti inafika kwenye ruta?

Sasa toka nje ya lango. Andika:

`ping 8.8.8.8`

Namba hii ni ya seva za Google zinazopatikana saa zote na zinazojibu ping. Tunatumia namba, si jina la tovuti, kwa sababu majina yanahitaji huduma nyingine tutakayoipima baadaye.

Kama ruta ilijibu katika hatua ya 2 lakini 8.8.8.8 haijibu, kompyuta yako haina kosa. Tatizo liko ng'ambo ya ruta: bando limekwisha, antena imesogea, mnara hauna umeme, au kampuni ya intaneti ina hitilafu. Hapa hakuna sababu ya kumpelekea fundi kompyuta wala kubadilisha Windows. Anayepaswa kupigiwa simu ni msimamizi wa mtandao au kampuni yenyewe.

Kama 8.8.8.8 inajibu, tazama muda. Kwenye mtandao mzuri wa simu au wa fiba, muda huwa makumi ya milisekunde, au kidogo zaidi ya 100. Lakini kituo chenu kikitumia dishi la setilaiti iliyotulia juu ya ikweta, muda wa 600 au 700 ni wa kawaida. Setilaiti hiyo iko kilomita 35,786 juu ya dunia. Pakiti hupanda, hushuka, na jibu hupanda na kushuka tena. Hata kwa kasi ya mwanga, safari hizo nne huchukua karibu nusu sekunde. Hakuna fundi anayeweza kuifupisha, na asiwepo wa kukutoza pesa kwa ahadi hiyo. Mvua kubwa nayo hudhoofisha mawasiliano ya setilaiti. Ikipita, jaribu tena kabla ya kugusa dishi.

Muda ukiwa 80 asubuhi na mapema na kufika 2,000 saa za mchana, intaneti haijakatika, imebanwa. Mtu anapakua filamu, au Windows za kompyuta zote zinajisasisha kwa pamoja. Msimamizi anaweza kuingia kwenye mipangilio ya mtandao ya kila kompyuta na kuwasha "Metered connection" au "Connexion limitée". Kwa hiyo Windows itapunguza kupakua masasisho bila kuuliza.

Amri ya 4: nslookup — je, majina ya tovuti yanatambulika?

Kompyuta huwasiliana kwa namba, sisi tunakumbuka majina. Mfumo unaobadilisha jina kuwa namba unaitwa DNS. Ni kama orodha ya majina katika simu yako: unagusa jina la shangazi, simu inapiga namba yake. Orodha ikipotea, namba ya shangazi bado ipo, ila huwezi kumpigia kwa jina.

Andika:

`nslookup help.unhcr.org`

Ukipata namba chini ya jina, DNS inafanya kazi. Ukiona "timed out" au "can't find", uliza seva nyingine:

`nslookup help.unhcr.org 8.8.8.8`

Kama amri ya kwanza imeshindwa na ya pili imefaulu, seva ya majina ya ruta au ya kampuni yenu ndiyo mbovu. Intaneti yenyewe ipo. Msimamizi anaweza kuweka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 katika mipangilio ya DNS ya ruta, na chumba kizima kitarudi kazini. Kabla ya hapo jaribu `ipconfig /flushdns`, ambayo hufuta majina ya zamani yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta.

Tatizo hili hudanganya watu wengi. WhatsApp inaweza kuendelea kufanya kazi kwenye simu huku kivinjari cha kompyuta hakifungui ukurasa hata mmoja. Mtu anadhani kompyuta imeharibika, kumbe ni orodha ya majina tu.

Amri ya 5: tracert — safari inakatikia wapi?

Kama ping ya nje inasitasita, au tovuti moja tu haifunguki, fuata njia nzima. Andika:

`tracert -d 8.8.8.8`

Kwenye Linux ni `traceroute -n 8.8.8.8`, huenda msimamizi akahitaji kuiweka kwanza. Kila mstari ni kituo kimoja ambacho pakiti imepita. Mstari wa 1 kwa kawaida ni ruta yenu. Inayofuata mara nyingi ni ya kampuni ya intaneti, kisha ya nchi nyingine.

Nyota (\* \* \*) kwenye mstari mmoja si ubaya. Vituo vingine vimewekwa visijibu, lakini vinapitisha pakiti. Shaka ianze pale nyota zinapoanzia mstari fulani na kuendelea hadi mwisho. Mstari wa mwisho uliojibu unaonyesha takriban mahali njia ilipofikia. Bonyeza Ctrl na C kusimamisha.

Wakati mwingine njia hukatika mbali sana. Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya intaneti yake hufika kwa nyaya za chini ya bahari zinazoingilia pwani ya Kenya na Tanzania, kisha kwa fiba za nchi kavu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa hafifu katika nchi nyingi za Afrika Mashariki kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo, kununua bando la pili kutoka kampuni ileile hakusaidii kitu. Jaribu laini ya kampuni nyingine, au subiri.

Kama amri zote zinajibu vizuri lakini ukurasa haufunguki

Angalia mambo haya matatu:

- Tarehe ya kompyuta. Andika `date /t`, kisha `time /t`. Kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa husahau tarehe kila umeme unapokatika, na kurudi miaka mingi nyuma. Tovuti salama zitakataa, na kivinjari kitaandika "Your connection is not private" au "Votre connexion n'est pas privée". Rekebisha tarehe na saa, kisha jaribu tena. Kama tarehe ni sahihi na onyo bado lipo, usiingize nenosiri lako kwenye ukurasa huo.
- Ukurasa wa kuingilia wa Wi-Fi. Mitandao mingine ya pamoja inataka uandike namba ya vocha kwanza. Fungua kivinjari na uone kama ukurasa huo unatokea.
- Tovuti yenyewe. Inaweza kuwa imezidiwa na watu, hasa siku ya mwisho ya maombi, au imefungwa katika nchi uliyopo. Facebook, kwa mfano, ilifungwa nchini Uganda mwezi Januari 2021. Kama tovuti nyingine zote zinafunguka, kompyuta yako haina lawama.

Mwambie fundi ulichoona

"Intaneti haifanyi kazi" ni maneno yasiyomsaidia fundi. Tuma ujumbe kama huu:

"Leo saa 4:10 asubuhi, kompyuta zote 6. ipconfig: anwani 192.168.1.23, lango 192.168.1.1. ping ya lango: pakiti 4 kati ya 4 zimerudi. ping 8.8.8.8: 0 kati ya 4. Ruta tumeizima na kuiwasha, hali ni ileile. Bando bado lipo."

Kwa ujumbe huu fundi anajua kwamba hana haja ya kugusa kompyuta hata moja. Anaanzia kwenye ruta kwenda nje. Msimamizi wa chumba anaweza kuweka daftari kando ya ruta na kuandika kila hitilafu: tarehe, saa, amri na jibu. Baada ya mwezi mmoja daftari litaonyesha kama intaneti hukatika kila jioni umeme wa sola unapopungua, au kila mvua inaponyesha. Hapo jamii inakwenda kwa shirika au kwa kampuni na ushahidi mkononi, si malalamiko matupu.

Jilinde

- Usinakili amri usiyoielewa kutoka kwa mtu usiyemjua, hata akisema itaongeza kasi. Dirisha hili linaweza pia kufuta faili. Amri kama `format` na `del` si za kutafuta tatizo la mtandao.
- Fundi hahitaji nenosiri la barua pepe yako, namba ya siri ya pesa za simu, wala namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu yako. Akiziomba, simamisha kazi.
- Usimwachie picha ya kadi yako ya mkimbizi wala kitambulisho chako. Hakuna uhusiano kati ya vitu hivyo na ruta.
- Huduma za UNHCR na washirika wake ni za bure. Mtu akisema tovuti haifunguki na kwamba anaweza "kukufungulia faili lako" kwa malipo, toa taarifa kupitia dawati la ulinzi au namba ya bure ya malalamiko ya makazi yako.

Kama siku ya mwisho imefika na intaneti haipo

Piga picha ya skrini ya dirisha la amri ikionyesha matokeo, pamoja na tarehe na saa. Tuma barua pepe au ujumbe kwa wanaopokea maombi kutoka simu yoyote inayopata mtandao, kabla ya muda kwisha, ukieleza kilichotokea. Hawalazimiki kukuongezea muda, lakini ujumbe uliotumwa kabla una uzito kuliko maelezo ya kesho yake.

Angalia pia saa ya kufunga imeandikwa kwa majira ya wapi. Saa 23:59 ya GMT ni saa 8:59 usiku kwa Afrika Mashariki, yaani bado una karibu saa tatu baada ya saa sita usiku. Lakini usipange kuzitumia. Jaza fomu mapema, hifadhi majibu yako kwenye faili ndani ya kompyuta, na siku ya kutuma ubaki na kazi ya kubandika tu.